Papa hapangi nyumba

SWALI: Mwalimu, wanafunzi wangu hapa Kisumu wanatayarisha bango la kongamano la sayansi. Kichwa chake ni "Utafiti kuhusu mienendo ya mapapa, matumizi ya makazi yao na uhifadhi wa bahari". Mwenzangu anasema "mapapa" ni kosa. Je, ni papa au mapapa? (Mwalimu wa sekondari, Kondele)

JIBU: Ni papa. Papa mmoja, papa wawili, papa hawa wanapita. Jina hili limo katika kundi la simba, ndovu na kuku: halibadiliki kwa wingi, hesabu hubebwa na maneno yanayolifuata. Ukisema "mapapa" umewakuza kama anayesema "majoka", au umewataja viongozi wa Kanisa Katoliki waliopokezana kiti Roma. Mwenzako ana haki, na swali lako limekwisha.

Ila umeniletea kichwa kizima, na katikati yake yamekaa "matumizi ya makazi", yaani "habitat use" ya Kiingereza. Hapo siwezi kupita kimya.

Maneno haya huzaliwa mfasiri anapotoa neno la kigeni, akaweka la Kiswahili mahali pake, akatoa la pili, akaweka la pili, kisha akaenda kunywa chai. Kinachobaki kinasikika kama barua ya wizara ya nyumba: papa amegawiwa chumba, sasa anakaguliwa kama anakitumia ipasavyo. Makazi yametokana na kukaa, ndugu yake mkazi. (Wanaoandika "makaazi" kwenye mabango ya kuuza ploti wapunguze a moja, itawafaa kwingine.) Mkazi hulala mahali, hurudi hapo, jirani humjua, na akikosekana wiki mbili huulizwa. Samaki gani huyo?

Mchukue mwendesha boda boda wa steji ya Kondele. Anafika alfajiri, anaondoka usiku. Hapo ndipo anapongojea abiria na kula chapati na maharagwe. Katikati anakwenda Kibuye na mzigo wa mama mboga, anapanda Mamboleo, anarudi. Usiku analala Manyatta, kwa mkewe. Sasa mtu aje na mashine, aifunge kwenye nguzo ya steji, isikie pikipiki ile mara mia kwa siku, halafu aandike kwamba makazi ya mwendesha boda boda ni nguzo ya Kondele. Mashine haikudanganya, maana imesema alipita na alisimama. Aliyedanganya ni mwenye kalamu, aliyegeuza "alisikika hapa" kuwa "anakaa hapa". Mke aliyeko Manyatta akisoma ripoti hiyo, nyumba itawaka moto.

Na papa huchunguzwa hivyo hivyo. Anavuliwa, anapinduliwa tumbo juu, naye akiwa hivyo wengi wa aina yake hulegea kama aliyelala. Hupasuliwa sentimita 2 au 3 chini ya tumbo, hutiwa kifaa kidogo chenye betri, hushonwa, huachiliwa. Kifaa hutoa milio ya mitetemo 69,000 hivi kwa sekunde, wakati sikio la mtu huishia kwenye 20,000. Mpangilio wa milio ndio jina la papa huyo. Haitolewi kwa vipindi vilivyo sawa sawa, bali kwa kubahatisha, kila dakika moja hadi tatu kwa mfano, ili papa wawili walio jirani wasipigiane kelele kila mara na kufutana. Chini baharini kuna vipokezi vilivyofungwa kwenye nanga, kila kimoja kikisikia umbali wa mita mia kadhaa tu. Bahari ikichafuka, kamba wadogo wanaoalisha makucha wakizidisha kelele, au chaza na uchafu vikikifunika kipokezi, masafa hayo hupungua. Mtafiti hurudi baada ya miezi, akazamia, akakitoa, akasoma orodha ya papa waliosikika.

Tuseme kipokezi kilikaa siku 180, na papa fulani alisikika katika siku 45. Mtafiti hugawa, akapata 0.25, akaandika robo. Zile siku 135 alikuwa wapi? Labda mita 800 upande wa pili wa mwamba, labda nchi nyingine. Kutosikika si kutokuwapo. Mpangaji anayeonekana nyumbani robo ya mwaka, mwenye nyumba wa Nyalenda angekwisha kutundika kufuli.

Lakini yuko papa mmoja ambaye orodha yake inapendeza kweli. Anasikika na kipokezi kile kile, usiku na mchana, bila kukosa hata siku moja. Kifaa chake kikiwa na kipimo cha kina, kina hicho hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, taratibu, sawa na maji kujaa na kupwa. Huyo ndiye papa mwenye makazi kamili! Watafiti wakongwe wakimwona humfuta kwenye hesabu, kwa kuwa kifaa kimechomoka au papa mwenyewe amekufa, na kinacholia ni chuma kilicholala mchangani. Basi "makazi" mkitaka kuyahifadhi, yahifadhini kwa ajili ya marehemu.

Kuna ziwa kubwa Amerika ya Kati, Nikaragua, lenye papa ndani ya maji baridi. (Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, hatuna, msitishe watoto wa Dunga.) Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba papa wale ni wenyeji waliofungiwa humo, na mwaka 1877 walipewa hata jina lao la kisayansi, kama aina ya peke yake. Kisha Thomas Thorson akawatia alama zenye nambari, kama hereni ya sikio la ng'ombe wa maziwa, na mwaka 1971 akachapisha matokeo: papa waliotiwa alama upande mmoja walivuliwa upande wa pili, baharini na ziwani, wakiwa wamepita mto San Juan pamoja na maji yake ya kasi. Wenyeji waligeuka wasafiri. Neno "makazi" lilikuwa limewakalisha miaka karibu mia.

Tuna nini badala yake? Tuna vitu vingi, ndiyo maana ninakasirika. Afisa wa afya anayezunguka Nyando na Ahero msimu wa malaria hasemi makazi ya mbu. Anasema mazalia, na kila mtu anajua aende kumwaga maji gani. Papa nao wana mazalia. Wana mapito, njia wanazozipita bila kukaa. Mlanyama ana mawindo. Papa shilingi, yule mkubwa mwenye madoa kama sarafu mgongoni, anachuja viumbe vidogo majini kwa kinywa wazi, kwa hiyo ndiye hasa mwenye malisho. (Mafia wanamwita potwe. Anayemwita "papa nyangumi" amempa mnyama mmoja majina ya wanyama wawili wasiohusiana, na nyangumi hata samaki si.) Pale wachanga wanapokulia, mimi ningesema kitalu, kama cha miche. Wataalamu wenyewe ni wagumu kulitoa jina hilo: mwaka 2007 watafiti watatu waliweka masharti kwamba wachanga wawe wengi pale kuliko kwingine, wakae kwa muda mrefu au warudi, na mahali hapo patumike hivyo mwaka baada ya mwaka. Kuwaona wadogo watano siku moja hakutoshi. Na wewe uchukue kazi yote hiyo ya kutenganisha, uitumbukize kwenye gunia moja liitwalo makazi?

Gunia hilo lina hasara. Mahali pakiwa kitalu, hatari ni nyavu za macho madogo karibu na pwani, na dawa yake huenda ikawa kufunga eneo dogo miezi fulani. Mahali pakiwa mapito, hatari ni jarife, zile nyavu za kunasa samaki wakubwa, na kamba ndefu za ndoana mbali baharini, na kufunga ghuba moja hakusaidii. Hifadhi ya taifa ya bahari ya Mombasa, ile isiyoruhusu uvuvi, ina kilomita za mraba 10 hivi. Papa mweupe aliyeitwa Nicole alivishwa kifaa Afrika Kusini mwaka 2003, akavuka hadi Australia, zaidi ya kilomita 11,000, kwa siku 99, na kabla ya miezi tisa kwisha akawa amerudi Afrika Kusini. Mwambie Nicole kwamba makazi yake yamelindwa.

Hata hayo mapito msiyachore kwa mstari mwembamba. Kifaa cha Nicole kilikuwa cha aina inayopima mwanga, kina na joto, kisha hujitenga na papa siku iliyopangwa, kikaelea na kutuma habari kwa setilaiti, kwa kuwa mawimbi ya redio hayapiti maji ya chumvi. Saa ya adhuhuri husaidia kujua uko mashariki au magharibi kiasi gani. Urefu wa mchana husaidia kujua kaskazini au kusini. Nendeni Maseno, msimame kwenye alama ya ikweta, mpime mchana wa Januari na wa Julai: ni saa kumi na mbili na dakika chache, mwaka mzima. Ndiyo maana katika bahari yetu njia hiyo hukosea vibaya upande wa kaskazini na kusini, na nukta kwenye ramani inaweza kuwa mbali na papa kwa kilomita mia na zaidi. "Alipita huku" inavumilia kosa hilo. "Anakaa hapa" haivumilii.

Kuhusu "mienendo" nitakuwa mpole, nimechoka. Neno limetoka kwa kwenda, kupitia enenda, na kamusi inakubali kwamba mwenendo ni pia namna ya kwenda. Lakini sikio la Mkenya husikia tabia kwanza, foleni ya alama za vidole na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Papa aliyeng'ata mtu akiomba kazi ya ulinzi atanyimwa. "Nyendo" ingekuwa safi, "safari" safi zaidi. Hata hivyo redio na magazeti yamekwisha kulizoea, na anayepigana na redio hulala na njaa. Liacheni.

Bango basi liandikwe: "Papa huenda wapi, na hufanya nini huko: utafiti na uhifadhi wa bahari". Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina makao makuu Mombasa na kituo hapa hapa Kisumu. Wanafunzi wakitaka kuuliza maswali, waende. Hiyo nayo ni taasisi, haiogelei, kwa hiyo makao inayo kwa haki.

Kama bango limekwisha kuchapishwa, tafuteni karatasi nyeupe na gundi. Mfunike "ma" ya mapapa, na "matumizi ya makazi yao" yote. Gundi ikiisha kabla ya "mienendo", msinunue nyingine.