Kuita funksheni ya kanzidata kutoka kwenye programu ya simu: kosa PGRST202

Ndugu, umeeleza kwamba funksheni yako, punguza_akiba(bidhaaId bigint, idadi int), inafanya kazi ukiiendesha ndani ya kanzidata yako ya PostgreSQL, lakini programu ya simu ikiiita kwa rpc (njia ya kuita funksheni kwa mbali) ya Supabase, huduma inayokuwekea kanzidata hiyo mtandaoni, inajibiwa kosa PGRST202, yaani haionekani. Funksheni ipo. Supabase hupitisha miito hiyo kwenye PostgREST, programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapeleka kwenye kanzidata, ambayo huitafuta funksheni kwa jina lake pamoja na majina ya vigezo vyake (thamani inazopokea), wala haiangalii mpangilio wa vigezo hivyo. Sasa, PostgreSQL hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo katika jina lisilofungwa kwa alama za kunukuu, hivyo bidhaaId yako imehifadhiwa kama bidhaaid, ilhali JSON (maandishi ya data) unayotuma ina bidhaaId. Futa funksheni hiyo, uitangaze upya kwa bidhaa_id, na utume jina hilohilo. Kosa likiendelea, endesha NOTIFY pgrst, 'reload schema' ili PostgREST isome upya skima, yaani muundo wa kanzidata.

Kuna aliyekushauri uachane na funksheni, simu isome akiba kisha iandike idadi mpya. Tafadhali usifanye hivyo. Nimejenga mifumo ya mauzo ya maduka, na hapo ndipo hesabu huharibika: wauzaji wawili wanasoma kwa pamoja kwamba imebaki bidhaa moja, na wote wawili wanaiuza. Funksheni huendeshwa ndani ya muamala mmoja, yaani hatua zake zote hufaulu pamoja au hufutwa pamoja. Andika UPDATE yenye sharti akiba >= idadi, na isipopata safu ya kubadilisha, toa kosa kwa RAISE EXCEPTION; hapo hata mauzo yaliyokwisha kuandikwa ndani ya mwito huo yanafutwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni SECURITY DEFINER uliyoiweka. Funksheni ya namna hiyo huendeshwa kwa haki za mmiliki wake, na PostgreSQL kwa kawaida humruhusu kila mtumiaji kuita funksheni mpya, kwa hiyo yeyote atakayeutoa ufunguo wa anon (wa mtumiaji asiyeingia kwenye akaunti) ndani ya programu yako anaweza kumaliza akiba ya duka bila hata kuingia kwenye akaunti. Ondoa haki ya EXECUTE (ya kuiita funksheni) kwa PUBLIC, yaani watumiaji wote, na kwa anon, uirudishe kwa authenticated, yaani walioingia kwenye akaunti, peke yake, uongeze SET search_path = '' (ili kanzidata isikisie jedwali liko wapi) na kutaja majedwali kwa jina kamili, kama public.bidhaa. Kisha, kabla ya UPDATE, hakikisha kwa auth.uid(), inayotoa kitambulisho cha aliyeingia, kwamba anayeita ni muuzaji wa duka hilo, kwa sababu mtu aliyejisajili jana naye ni authenticated.