Kumtoa shule au kumwacha

Mwanangu,

Umeniuliza kama umtoe mjukuu wangu shule umfundishe nyumbani, kwa kuwa wenzake wanamwonea. Usiamue kabla hujajua kinachotendeka.

Watoto hugombana wakapatana kabla kengele haijalia. Uonevu ni jambo jingine. Mtafiti Dan Olweus aliutambua kwa mambo matatu: ni wa makusudi, unarudiwa, na anayetendewa hana ubavu wa kujitetea. Ukimuuliza "wanakuonea?" huenda akakana. Muulize amekula na nani, amecheza na nani. Na mwangalie anapoingia nyumbani: akikimbilia chooni begi likiwa bado mgongoni, huenda amebana mkojo tangu asubuhi, maana vyoo vya shule ni mahali ambapo jicho la mwalimu halifiki. Tumbo linalouma siku za shule na kupona Jumamosi nalo lina maana.

Andika kila tukio: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, waliokuwepo. Nenda kwa mwalimu wa darasa, kisha mwandikie mwalimu mkuu, ubaki na nakala. Taja unachotaka: nani atasimama karibu na vyoo wakati wa mapumziko, mtoto atakaa wapi darasani, mtakutana tena lini. Wiki mbili au tatu zitakuonyesha shule ni ya namna gani. Wakiwaita mwonevu na mwonewa wapeane mikono yaishe, mimi ningeanza kutafuta shule nyingine. Huo haukuwa ugomvi wa watu walio sawa, na mtoto anaweza kulipiziwa nje ya geti. Uliza pia wanawafundisha nini watoto wanaotazama. Mpango wa KiVa wa Finland, wa kuzuia uonevu shuleni, umejengwa juu ya hao watazamaji, kwa sababu mwonevu hutafuta sifa mbele yao.

Lakini akiumizwa, akitishiwa, au akisema anatamani kufa, usingoje daftari lijae. Mtoe siku hiyohiyo, na kwa hilo la mwisho umpeleke kwa daktari au mshauri, usimwache peke yake.

Kuhusu nyumbani, masomo siyo mzigo mkubwa zaidi. Kwa mtoto wa shule ya msingi saa 3 au 4 za utulivu kwa siku hutosha, hesabu na kusoma vikiwa vya kila siku. Kinachowashinda wengi ni muda wa mzazi, halafu upweke wa mtoto. Mtafutie timu au kwaya anayokutana nayo kila wiki, watoto walewale, maana urafiki hauoti kwa kuonana mara moja moja. Simu nayo: akibaki kwenye kundi la darasa wanakomtukana, utakuwa umeuhamisha mwili tu. Soma na sheria ya unakoishi. Ujerumani, kwa mfano, hairuhusu kusomea nyumbani badala ya shule, ila kwa nadra sana.

Msikilize anataka nini, ila usimtwike uamuzi. Ukimtoa, sema ni kwa muhula mmoja kwanza, kisha mpime upya. Na siku ya kumtoa, ondoka na ripoti zake zote na barua ya uhamisho mkononi. Kuzifuatilia baadaye ni usumbufu.

Mama yako