Maswali Yenu: Mutesheni ipo palepale, mbona nzi karudi kawaida?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nasomea biolojia na kuna kitu kimenikwama kichwani. Tumefundishwa kuna vipande vya DNA vinavyohamahama, vikijipachika kwenye jeni vinaiharibu, hapo sawa nimeelewa. Halafu tukaambiwa kuna jeni nyingine kabisa, tena iko kromosomu nyingine, inaweza kuizima hiyo mutesheni. Inaizimaje, inakichomoa kile kipande? Na kama inaweza, mbona haizimi mutesheni zote?

JIBU: Haichomoi chochote ndugu yangu, na ukishalishika hilo mengine yote yatakaa sawa. Ukisoma DNA ya nzi "aliyepona" utakuta kipande kiko palepale, hakijapungua hata herufi. Kilichobadilika ni namna seli inavyoishughulikia ile jeni iliyoingiliwa.

Tumchukue nzi wa matunda maana kwake ndo jambo linaonekana vizuri kabisa. Ana jeni inaitwa yellow, kazi yake kumpa rangi nyeusi, ikifa kabisa nzi anakuwa wa njano. Sasa kuna aleli moja (yaani toleo moja la jeni hiyo), y2, ambayo kipande kinachohama kiitwacho gypsy, chenye urefu wa kama besi (herufi za DNA) 7,300, kimejipachika besi 700 hivi kabla ya mahali jeni inapoanza kusomwa. Mweke nzi huyo chini ya darubini: mwili njano, mabawa njano, ila vile vinyweleo vigumu vya mgongoni vyeusi tii! Jeni ni ileile moja, huku inafanya kazi huku imegoma. Kwa nini? Kwa sababu enhansa, yaani zile sehemu za DNA zinazoamuru jeni iwake, kwa mwili na mabawa ziko upande wa pili wa gypsy, wakati enhansa ya vinyweleo iko ndani ya introni (kipande cha jeni kinachokatwa na kutolewa kwenye RNA) ya jeni yenyewe, kwa hiyo gypsy haijaikatia njia.

Na gypsy peke yake haikatishi kitu. Ndani yake kuna sehemu 12 zinazofuatana ambazo protini ya Su(Hw) inazishika, inaungana na protini nyingine kama Mod(mdg4), na hapo ndipo panakuwa ukuta kati ya enhansa na promota, yaani mahali jeni inapoanzia kuwashwa. Sasa nzi akirithi nakala mbovu za su(Hw), jeni inayotengeneza protini hiyo, toka kwa baba na kwa mama, protini ya kushika hamna, ukuta hamna, amri inapita na mwili unarudi karibu na rangi yake. Ubovu wa pili umeficha ubovu wa kwanza, na mimi hili hadi leo nikilifundisha linanisisimua.

Mbona haizimi zote? Kwa sababu Su(Hw) inaitambua gypsy, haina habari na yellow. Aleli ya y1 pia inampa nzi rangi ya njano lakini shida yake ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye kodoni ya kuanzia (herufi tatu zinazoonyesha protini ianze wapi), hamna gypsy pale, basi ubovu wa su(Hw) haumsaidii kitu. Ila jeni zingine zisizohusiana kabisa na rangi, kama cut na bithorax, zikiwa zimeingiliwa na gypsy nazo zinapata nafuu. Wataalamu walishaona zamani kwamba mutesheni fulani zinazimwa pamoja bila kujua zinafanana nini, hadi mwaka 1983 Modolell, Bender na Meselson wakaonyesha kinachoziunganisha ni hiyo gypsy.

SWALI LA PILI toka kwa msomaji mwingine: Hii ni ya nzi tu? Na mbona tusiitumie kutibu watu?

JIBU: Si nzi tu. Kuna panya wa maabara mwenye mutesheni inaitwa vibrator, anatetemeka, neva zake zinaharibika na anakufa mapema. Chanzo ni kipande kinachohama cha aina ya IAP kilichoingia kwenye introni ya jeni ya Pitpna, RNA nzuri (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) ikashuka hadi karibu moja ya tano ya kawaida. Mwaka 2003 ilibainika kuwa aina ya jeni ya Nxf1 inayotoka kwa panya wa ukoo wa maabara uitwao CAST inampa nafuu. Protini ya Nxf1 ndiyo inayotoa RNA kwenye kiini cha seli, na aina hiyo inaongeza kiasi cha RNA iliyo sahihi, si mpaka kawaida, lakini kinatosha kumfanya panya aishi zaidi. Na hiyo si jeni mbovu, ni tofauti ya asili tu.

Kuhusu tiba, angalia gharama yake. Nzi jike asiye na Su(Hw) anakuwa tasa, kwa sababu protini hiyo ina kazi zake mwilini mbali na gypsy, na Nxf1 inahudumia RNA za jeni nyingi mno, huwezi kuizima ukategemea seli ibaki salama. Ndo maana mimi mfano wa panya unanipa matumaini zaidi kuliko wa nzi, pale protini haijaondolewa, imebadilika kidogo tu na kazi zake zingine inaendelea nazo.