Barua kwa mwanangu: magazeti ishirini na mabinti arobaini na watano

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako umebeba maswali mawili. La kwanza, wewe na wenzako sita, wahandisi wahitimu wote, mmetakiwa kwenda shule ya sekondari ya wasichana tarehe 23 Juni: mkafanye nini? La pili, siku hiyo itakufaa nini katika ile miaka mitatu ya mafunzo ya vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Naanza na tarehe, maana hapo ndipo mtakapokwama kabla ya yote.

Tarehe hiyo, Siku ya Kimataifa ya Wanawake katika Uhandisi, ina asili yake. Ni siku ambayo mwaka 1919 wanawake wa Uingereza walianzisha chama chao cha wahandisi, Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha na wengi waliokuwa viwandani wanarudishwa majumbani. Ni siku nzuri ya kutundika bango. Lakini kwetu Tanzania Juni shule nyingi ziko likizo, na mtakuta mlinzi na mbuzi. Sogezeni hadi katikati ya Julai. Kama shule ni ya serikali, barua ianzie kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari, nakala kwa mkuu wa shule. Ipeni wiki tatu. Humo humo ombeni ruhusa ya kupiga picha, kwa kuwa hao ni watoto wa watu.

Ombeni Kidato cha Pili, si cha Nne. Binti wa Kidato cha Nne aliyekwishaacha Fizikia mnamwonjesha asali ya mzinga uliofungwa. Wa Kidato cha Pili bado hajachagua. Mtaala unabadilika siku hizi, hivyo mwulizeni mwalimu wa taaluma uchaguzi wa masomo unafanyika lini hasa pale kwao, mfike kabla.

Sasa kazi yenyewe. Msipeleke projekta. Umeme ukikatika mtabaki mnasimulia, na hata usipokatika mtasimulia tu. Pelekeni magazeti. Darasa la mabinti 45 ligaweni vikundi 9 vya watu watano. Kila kikundi kijenge daraja la kuvuka pengo la sentimita 50 kati ya madawati mawili, kwa karatasi 8 za gazeti na mita moja na nusu ya selotepu. Daraja liegemee tu juu ya madawati, lisigandishwe. Kikapu kinaning'inizwa katikati kwa kamba, kikae sentimita tano tu juu ya sakafu ili kikianguka kisimponde mtu vidole, kisha mnatia chupa za maji za nusu lita zilizojazwa na kufungwa, moja moja. Kila chupa ni nusu kilo, hesabu inajifanya yenyewe.

Vifaa: gazeti la kurasa 32 lina karatasi 8 kamili zikifunguliwa, kwa hiyo gazeti moja ni kikundi kimoja kwa raundi moja. Vikundi 9 kwa raundi mbili ni magazeti 18, chukueni 20. Magazeti ya zamani ofisini kwenu yamejaa, msinunue. Selotepu ni mita 27 kwa jumla, na roli hutofautiana urefu, basi someni lebo na kuongeza moja. Spoku za baiskeli 18, vikapu 3, chupa 30, mikasi 9, rula 9, kamba.

Spoku ni za kuviringishia. Karatasi ikianzia kona moja kwenda kona ya mkabala wake, ikabanwa kwenye spoku, inatoa mrija wa karibu sentimita 65, unaotosha kuvuka pengo na kubaki na mahali pa kuegemea pande zote mbili. Wengi wataviringisha kwenye kidole, mrija utatoka mnene na mlegevu, na ndio utakaokunjika wa kwanza. Mrija wa juu wa daraja unabanwa, wa chini unavutwa. Ule unaobanwa hauvunjiki kwa kuchoka. Hujipinda pembeni ghafla pale ulipobonyezwa na kidole wakati wa kuviringisha. Mrija wa chini aghalabu ni mzima kabisa, kilichoachia ni kiungo. Watazungusha selotepu mpaka iwe donge, ilhali selotepu hushika ikivutwa kwa urefu wake na hubanduka ikichunwa kuanzia ukingoni. Vumbi la chaki mikononi nalo ni adui, wapanguse kwanza. Na fremu ya pande nne italala upande kama kitanda kilicholegea kamba hadi mtu akatize mrija mmoja wa mshazari. Msiwaambie hilo. Subirini lilale.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha, mkivigawa hivi: dakika 5 za kueleza, 25 za kujenga, 10 za kupakia mzigo, 10 za kuchora ni wapi hasa pamevunjika, 20 za kujenga upya, 10 za kupakia tena. Watatu wenu wakae kwenye vituo vitatu vya kupima, mmoja ashike saa, watatu watembee. Anayetembea afunge mikono nyuma. Kosa kubwa la wageni wa namna yetu ni kumnyang'anya binti mrija na kumwonyesha. Kikundi kizima huacha kufikiri dakika hiyo hiyo. Na mkibanwa na muda, kateni maelezo, kateni hotuba ya mgeni rasmi, raundi ya pili msiiguse. Raundi ya kwanza inampa binti daraja lililoanguka. Ya pili ndiyo inayomwonyesha kazi ya mhandisi.

Jambo moja dogo: katika kila kikundi kuna binti mwenye mwandiko mzuri atakayefanywa katibu tangu mwanzo hadi mwisho. Raundi ya pili kalamu ihamie kwa mwingine.

Halafu wekeni boksi la maswali, karatasi zisizo na majina. Mtaulizwa mshahara. Mtaulizwa kama mhandisi mwanamke anaolewa. Na mtaulizwa, kwa herufi ndogo sana, mtu akiwa kwenye siku zake saiti anafanyaje. Msilipite hilo kwa kucheka. Jibu la kweli ni kwamba choo cha wanawake chenye maji na mlango unaofungika ni kitu cha kuandikwa kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama za mradi, katika gharama za awali, kabla mkandarasi hajaingia. Kisipoandikwa hakina fedha, na kisicho na fedha hakijengwi. Buti na mikanda ya kujikinga vilevile: orodha ya saizi ipelekwe kabla ya kuagiza.

Juu ya njia ya kufika, semeni kwa ufupi na bila kuficha: PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ndiyo iliyonyooka, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) haimpeleki mtu kwenye ujenzi, na aliyekosa Kidato cha Tano anaweza kupitia stashahada ya ufundi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha akaendelea na shahada.

Rudini baada ya wiki sita, la sivyo mmekwenda kupiga picha. Safari ya pili pimeni paa lao, mkadirie maji ya mvua linayoweza kuvuna. Darasa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Mvua ya milimita 25 inaangusha hapo lita 4,000, na mkitoa sehemu ya tano inayopotea zinabaki 3,200. Mabinti washike futi wenyewe. Watapima bati kwa mteremko wake na kupata zaidi. Waulizeni mvua inanyesha wima au inafuata bati, kisha waacheni wapime upya chini, kutoka mchirizi hadi mchirizi. Safari ya tatu mwalimu wa Fizikia aongoze, ninyi mkae nyuma.

Sasa la kwako. Siku ya shule haihesabiki badala ya siku ya saiti, usimpelekee msimamizi wako kwa matumaini hayo. Na usiandike kwenye kitabu chako cha kumbukumbu "nilishiriki shughuli ya jamii", sentensi hiyo haina uzito wowote. Andika ulichokadiria na kilichotumika, kilichovunjika na kwa nini, ulichobadilisha kati ya darasa moja na lingine. Atakayesoma ataona mtu anayeweza kupanga kazi, kuijaribu na kuiripoti, na huo ndio ukurasa mgumu kuujaza katika mwaka wa kwanza.

Na ninyi saba msiachie kundi la WhatsApp, hayo huishia kwenye rambirambi na michango ya harusi. Kutaneni mara moja kwa mwezi, dakika 90, mmoja alete mchoro au ripoti yake halisi, jina la mteja limefutwa, wengine waikosoe kwa kalamu nyekundu. Aliyebobea mkimwalika, mtumieni karatasi siku tatu kabla. Akiisomea mezani atawapa nasaha za maisha.

Nitumie orodha ya vifaa ukishaiandika. Spoku ninazo kumi hapa stoo.

Mama yako