Kuficha utambulisho wa mtoto kwenye hukumu: je, herufi za kwanza za jina zinatosha?

Swali: Mimi ni karani wa mahakama. Tuna hukumu ya jinai ambamo baba ametiwa hatiani kwa kujamiiana na binti yake. Jina la mtoto tumelifupisha kwa herufi zake za kwanza, lakini jina la baba, la shule na la kijiji bado yamo. Hukumu itawekwa kwenye tovuti. Tumefanya vya kutosha?

Jibu: Hapana, ndugu karani, mtoto huyo bado yuko wazi. Mwanakijiji akishaona jina la baba, hahitaji tena jina la mtoto. Na hizo herufi za kwanza ni kinga hafifu: ziweke karibu na umri na jina la shule, wanafunzi wenzake watamjua mara moja.

Kanuni za Beijing za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985, zinazohusu mtoto aliyekinzana na sheria, hazikuishia kwenye jina. Kanuni ya 8 inakataza kuchapisha taarifa yoyote inayoweza kumfanya atambulike. Kwa mtoto mhanga au shahidi, Miongozo ya Baraza la Uchumi na Jamii ya mwaka 2005 imeshika msimamo huohuo. Kwa hiyo ipitie hukumu kama jirani wa familia ile anavyoweza kuisoma.

Kwenye kesi yako kinachosumbua zaidi ni undugu. Uhusiano wa baba na binti ni sehemu ya kosa lenyewe. Ukiufuta, hukumu haieleweki. Basi jina la baba ndilo liondoke. Wapo watakaolalamika kwamba tunamsitiri mkosaji. Uchungu wao naujua, ila anayesitiriwa hapo ni mtoto, na kifungo cha baba hakipungui hata siku moja. Mwite "mshtakiwa". Mama awe "shahidi wa pili", mtoto apewe herufi za kubuni, na herufi hizohizo zitumike hadi kwenye rufaa. Kijiji na shule viondoke. Kisha tafuta yale madogo yanayopenya: kazi ya baba, tarehe ya kuzaliwa, kutajwa kwamba mtoto ana pacha.

Hayo yote ni ya nakala ya umma. Upande wa utetezi una haki ya kumjua anayemtuhumu mteja wao, hivyo nakala yenye majina halisi ibaki kwenye jalada lililofungwa. Orodha ya kesi inayobandikwa ubaoni nayo uikague. Mara nyingi ndiyo inayosahaulika.

Kwenye kompyuta, usizibe majina kwa mstari mweusi juu ya PDF. Maandishi yaliyo chini yake mara nyingi hunakilika vizuri kabisa. Badilisha maneno yenyewe kwenye faili la kuandikia, tengeneza PDF mpya, kisha litafute jina la mtoto humo ndani. Angalia pia jina la faili.

Wengine huuliza kama kinga hii inakoma mtoto akitimiza miaka 18. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka mwaka 2019 kwamba haikomi. Mhusika akishakuwa mtu mzima anaweza kuridhia mwenyewe atajwe. Nami naona ndivyo inavyopasa kuwa kila mahali.

Ila usiyafanye haya kwa uamuzi wako. Mpelekee hakimu orodha ya mnayotaka kuondoa, atoe amri, na amri hiyo iingie kwenye jalada.