Kiarmenia na Kitagalogi: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Safu iliyopita ililinganisha kwa ufupi nambari za Kiarmenia na za Kitagalogi, na wasomaji kadhaa wameandika kuuliza zaidi. Nimeyapanga maswali kwa jinsi yanavyofuatana.

Je, lugha hizi mbili zina asili moja?

Hapana. Kiarmenia ni cha ukoo wa Kihindi-Kiulaya, pamoja na Kigiriki, Kirusi na Kiajemi, ila kinasimama katika tawi lake peke yake. Kwa kuwa kimekopa maneno mengi sana ya Kiajemi, wataalamu walikihesabu kuwa tawi la lugha hiyo, mpaka mwanaisimu Mjerumani Heinrich Hübschmann alipoonyesha mwaka 1875 kwamba maneno ya asili yake yanafuata kanuni tofauti kabisa za sauti. Kitagalogi, ambacho ndicho msingi wa Kifilipino, lugha ya taifa ya Ufilipino, ni cha ukoo wa Kiaustronesia, uliosambaa kwa njia ya bahari kuanzia Taiwan hadi Pasifiki, na kwa upande wetu ukafika Madagaska. Mbingu kwa Kitagalogi ni *langit* na kwa Kimalagasi ni *lanitra*. Jiwe ni *bato* na *vato*. Nne ni *apat* na *efatra*. Kwa hiyo ndugu wa Kitagalogi aliye karibu nasi yuko ng'ambo ya Ngazija tu.

Tatu kwa Kitagalogi ni *tatlo*. Inawezekanaje isiwe na uhusiano na "tatu" yetu?

Ni sadfa, na ushahidi umo ndani ya Kitagalogi chenyewe. Mzizi wa zamani wa neno hilo ulikuwa karibu na *telu*, kama Wamalagasi wanavyosema *telo* hadi leo. Silabi *ta* ya mwanzo ni nyongeza iliyotokana na kurudufisha sauti ya kwanza ya mzizi. Ukiiondoa nyongeza hiyo, mfanano na Kiswahili unayeyuka. "Tatu" yetu ni ya Kibantu, na Mganda au Mkikuyu anaitambua bila kufundishwa.

Kiarmenia kinatupa kioja cha upande wa pili. Mbili ni *erku*, neno lisilofanana hata kidogo na *duo* ya Kilatini, ilhali ni mamoja. Sauti za kale *dw* zimegeuka kuwa *rk* katika Kiarmenia, na mageuzi hayo hayo yanaonekana katika *erkar*, yaani "refu". Anayetafuta undugu wa lugha kwa kusikiliza mlio wa maneno atamkumbatia mgeni na kumfukuza nduguye.

Kila lugha inaandikwaje?

Waarmenia wana herufi zao wenyewe, alizozibuni mtawa Mesrop Mashtots mnamo mwaka 405. Zilikuwa 36, na chache zikaongezwa baadaye. Kitagalogi leo hutumia herufi za Kilatini, lakini kabla ya Wahispania kulikuwa na hati ya wenyeji iitwayo baybayin, ambayo imo katika kitabu cha mafundisho ya Kikristo kilichochapwa Manila mwaka 1593. Baybayin haikutenganisha *e* na *i*, wala *o* na *u*, na konsonanti ya kufunga silabi haikuandikwa. Aliyewahi kusoma utenzi wa Kiswahili katika hati za Kiarabu za zamani anaijua adha hiyo: ni lazima uwe unalijua neno ndipo uweze kulisoma.

Naomba sentensi moja kwa lugha zote mbili, nione tofauti ya sarufi.

Tuchukue "mwanamke alinunua samaki". Mtagalogi husema *Bumili ang babae ng isda*, kitenzi kikitangulia. Mzizi ni *bili*, na *um* imepenyezwa katikati yake, baada ya *b*, kuonyesha kwamba anayezungumziwa ni mtenda. *Ang* ndiyo inayomtambulisha. Ikiwa samaki ni yule tunayemjua, husema *Binili ng babae ang isda*: safari hii imepenyezwa *in*, na *ang* imehamia kwa samaki. Usiharakishe kuiita kauli ya kutendwa. Kwetu "samaki alinunuliwa na mwanamke" ina uzito wake maalumu, lakini kwa Mtagalogi hiyo ni njia ya kawaida kabisa ya kusema jambo hilo.

Kiarmenia hakigusi kitenzi. *Kinë dzuk gnets* ni "mwanamke alinunua samaki", na *Kinë dzukë gnets* ni "mwanamke alimnunua yule samaki". Tofauti yote imebebwa na ile *ë* hafifu mwishoni mwa nomino. Mwisho wa nomino ndipo Kiarmenia kinapofanyia kazi zake nyingi: *Yerevanum* ni mjini Yerevan (mji mkuu wa Armenia), *Yerevanits* ni kutoka Yerevan, *danakov* ni kwa kisu. Sisi tunaosema "nyumbani" na "sokoni" tumeuonja mtindo huo, ingawa kwa kijiko kidogo.

Je, kuna chochote zinachokubaliana?

Kipo. *Na* ya Kiarmenia na *siya* ya Kitagalogi hazitenganishi mwanamume na mwanamke, sawasawa na "yeye".

Ninafanya kazi Muscat na Wafilipino, nao hushukuru kwa kusema *salamat*. Ni Kiarabu?

Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile la "salama" yetu, ila lilifika kwao kupitia Kimalay. Ukimshukuru aliyekuzidi umri ongeza *po*, neno la heshima: *salamat po*.

Kwa Mswahili, ipi ni rahisi kutamka?

Kitagalogi, bila shaka, ukishazoea kuanza neno kwa *ng* isiyo na *g*, kama ya "ng'ombe". Kiarmenia cha Mashariki, yaani kile cha Armenia yenyewe, kina *b*, *p*, na *p* ya tatu yenye mpumuo. Mtu wa Mombasa anayetofautisha kaa la moto na kaa wa pwani kwa pumzi ya *k* atafaulu mapema kuliko sisi wa bara. Hata hivyo, aulize kwanza mwalimu wake ni wa wapi, kwa sababu anayeitwa Petros kule Yerevan huitwa Bedros na Waarmenia wa Magharibi, kama wale wa Lebanoni.