Mtoto wa chekechea asiyetulia na kitabu
Mama mwenzangu, umeuliza ufanyeje na mwanao wa miaka 4 ambaye kila ukifungua kitabu anakipora, anaruka kurasa na kuondoka kabla hadithi haijafika nusu. Kwa maoni yangu hilo si kosa, kwani mtoto wa umri huo huanza kwa kukijua kitabu kama kitu cha kushika na kufunua, na maandishi humvutia baadaye. Mpakate, anza kwa "Paukwa" ili naye aitikie "Pakawa", kisha mwache afunue mwenyewe huku ukimuuliza kuhusu picha: "Huyu kuku anakimbilia wapi?" Wangu alikaa wiki nzima kwenye ukurasa mmoja wenye mbuzi aliyepanda juu ya paa, akataka nilie kama mbuzi kila mara, nami nililia (majirani walishazoea). Akiomba hadithi ileile mara ya kumi, msomee, maana kurudiarudia ndiko kunakomwezesha kulitamka neno linalofuata kabla yako. Vitabu vikiwa ghali, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, ambazo unaweza kuzipakua na kuzichapisha bila kulipia chochote. Zishone pembeni kwa uzi, na hata akizichana hutaumia.